Aliyemflashi Nekesa

Nakuru, Juni 2008

Naomba radhi, wasomaji wangu, kwa kimya cha miezi mingi. Tangu vurugu za Januari, baada ya uchaguzi, sikuwa na moyo wa kuandika.

Leo jioni simu ya mjukuu wangu Nekesa ililia mara moja ikakatika. Hapa kwetu mtu akikuflashi, adabu ni kumpigia. Nekesa akapiga. Nikamsikia akimwamkia mwanamume, akimtajia jina lake, darasa lake, hata njia anayopitia kutoka shuleni.

"Ni nani huyo?"

"Simjui, Babu. Aliniuliza vizuri tu, nikamjibu. Si wewe husema mtu mzima hanyamaziwi?"

Nilikusudia kumkemea, nikajikuta nimemshika mkono. Nikamwambia asiyemjua hana haki ya kujibiwa.

"Akipiga tena?"

"Niletee mimi."

"Utamwamkia?"

"Nitamwamkia mpaka ajute."

Akacheka, mtoto huyu.

Nikimnyang'anya simu, atalala bila kusikia sauti ya mama yake, anayechuma maua kwenye mashamba ya mbali kule Kamere. Nikimwachia, yule mtu anayo namba, na njia anaijua.

Kesho nitampeleka shuleni mwenyewe, kisha nimpigie mama yake. Tutakaloamua nitaliandika hapa, hata likiniuma.