Kitufe Chekundu cha Korona

Jumanne usiku

Nimebonyeza kitufe cha dharura, na korona, mashine yetu ya kuchakata mkonge, ikaendelea kusaga majani kama vile sijagusa kitu.

Nilipofungua paneli nikakuta rilei ya usalama, ile inayokata umeme kitufe kikibonyezwa, imerukwa kwa kipande cha waya. "Ilikuwa inajizima kila mara," msimamizi akaniambia, "tukaunga moja kwa moja."

Nikautoa waya ule. Mashine ikagoma kuwaka. Akaniamuru niurudishe kesho alfajiri, utumike mpaka rilei mpya ifike kutoka Dar. Nikanyamaza. Mimi, fundi mzima! Waya uko mfukoni mwangu hadi sasa.

Mama ndiye anayelisha majani kwenye mashine ile. Jioni nilimsihi kesho asiende kazini. Akacheka huku akikuna nazi.

"Woga wa nini, mwanangu? Kitufe si kipo?"