Sakafu Uliyomtumia Mama

Kasongo, tarehe 9 Februari 2024

Mpendwa kaka Zéphirin,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Habari za Kinshasa? Shemeji Olga na watoto wanaendeleaje, na ule mgongo wako umepoa? Sisi tunapumua. Usingizi umeanza kurudi, ila asubuhi bado ni ngumu, maana ndipo mama alipokuwa akiniita kwa sauti kubwa, kana kwamba nalala ng'ambo ya Lualaba.

Mpwa wetu Dady ameniambia kwamba tangu akuonyeshe ile picha ya sakafu iliyoinuka katikati hulali, unadhani mama alijikwaa pale. Simu inakatika kila tukifika kwenye neno lenyewe, kwa hiyo nampa jirani yetu Blaise barua hii, anakwenda kupanda ndege Kindu kuja huko kwenu. Kaka, mama hakuanguka. Moyo wake ulichoka akiwa ameketi kitini, nami nimemshika mkono. Liweke hilo moyoni, ulale.

Najua pia umeambiwa fundi aliharibu. Iliasi hana kosa. Alizipanga mbao zako vizuri juu ya ile sponji ya kutandika chini uliyozituma nayo, akazifunganisha bila msumari wala gundi, akaacha nafasi ndogo ukutani pande zote. Alitueleza: "Iyi sakafu haishikane na chini. Wakati ya mvua inajivuta. Kabati ya baba yenu muiweke kule chumbani, kwa simenti."

Mama alikataa. Unalijua lile kabati la mvule, baba alilitengeneza kabla hatujazaliwa, na wanaume sita hulibeba wakitukanana. Limekaa sebuleni siku zote, na mama hakutaka wageni waone ukuta mtupu. Tukalirudisha mahali pake, juu ya mbao zako.

Kabati peke yake labda sakafu ingelivumilia. Kilichotuponza ni magunia. Mpunga wa shamba letu la Nyangwe ulipoingia, mama aliona simenti ya ghala ina unyevu na mbao zako ni kavu na safi, basi akatupangisha magunia ukuta wa pili, mpaka karibu na dirisha. Huku kabati, huku mpunga, sakafu imekandamizwa pande zote mbili. Mvua zilipoanza, mbao zikavimba, zikakosa pa kwenda, zikainuka katikati.

Nilimwomba tuyatoe magunia, tuuze. Akanijibu: "Muache apo. Ile mupunga iko ya Zéphirin. Atakuja na watu." Uliposema utakuja sikukuu ya Watakatifu Wote, alingoja. Uliposema Noeli, akangoja tena. Hata panya walipoanza kujihudumia hakuniruhusu kufungua gunia. Alikuwa akipita kando ya ile nundu, mkono ukutani, na wageni aliwaambia sakafu za Kinshasa ndivyo zilivyo. Mimi nilicheka, naye akanuna.

Siku ya kilio wanaume walitoa kila kitu sebuleni, kama ilivyo desturi, ili wanawake wakae chini. Kabati likatoka, magunia yakatoka. Mpunga tuliupeleka mashineni, tukawapikia waliokuja kumlilia. Ulitosha matanga yote, na watu waliusifu wali. Mimi sikuula, kaka. Nilijua aliuweka kwa ajili ya nani.

Kabla matanga hayajaisha, mama mdogo Sifa aliniambia nitazame chini. Mbao zilikuwa zimelala sawa kabisa, wanawake wameketi juu yake. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Sasa kabati liko barazani, limefunikwa turubai. Baba mdogo Ruphin anataka lirudi sebuleni, mimi nataka liende chumbani kwenye simenti. Tumekubaliana wewe ndiye utakayesema, ukiwa umesimama hapa, si kwenye simu. Tafadhali usitume mbao nyingine.

Sifa na Ruphin wanakusalimu. Binti yangu Esther-Divine naye anakusalimu, ingawa anakujua kwa picha tu. Mbusu shemeji na watoto kwa niaba yetu.

Nikienda sokoni watu wananiuliza kama utakuja. Zamani swali hilo lilikuwa la mama, na kila mara alijibu ndiyo, bila kunitazama. Sasa wananiuliza mimi, nami nawaambia nimekuandikia.

Mungu akufungulie njia, akushike mkono mpaka mlangoni petu.

Wako akupendaye, dada yako,

Marie-Thérèse