Mkeka wa Arobaini

Samia,

Mchuzi wa papa umo kwenye friji, upashe moto tu. Kotmiri nimeifunga mfukoni na kitambaa kikavu, haitanyauka. Ndiyo, mfuko wa dukani, ule ule unaokutia aibu.

Naondoka na basi la saa nne, nakwenda Riyadh kwa binti yangu Rania. Ghalib akiniulizia, mwambie mama yake hakufukuzwa, katoka mwenyewe.

Asubuhi nimemaliza kuswali nikayakuta mapindi yangu yote ya ukili wa mkeka kwenye pipa, chini ya maganda ya mayai. Nikakusikia ukimwambia dada yako kwenye simu, "Mkwe wangu anaokota taka, nyumba imekuwa jaa." Miezi mitatu, Samia! Nimechana mifuko ya kila rangi, nimesuka mpaka vidole vikavimba. Huku Jeddah miyaa ya kusukia ningeitoa wapi? Tena plastiki hainywi mafuta, unaifuta tu. Ulikuwa mkeka wako wa arobaini, wa kukukandia wewe na kumlaza mjukuu wangu. Ilibaki kushona tu.

Usisahau vidonge vya kuongeza damu, baada ya kula.

~~Nitarudi kabla hujajifungua.~~ Ukijifungua, Ghalib anipigie simu. Atakukanda dada yako, yeye asiyeokota taka.

Sanduku nimewaachia, ni la Ghalib. Nguo zangu zimeenea kwenye mifuko miwili uliyosahau kuitupa.

~~Mama yako~~
Mama yake Ghalib