Mwanao Hatakalia Mikono Yake Tena

Karakana ya Mageti,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi kama cheche za hapa kazini. Baridi ya huko inakuhurumia? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujawahi kuugua. Mimi ni yuleyule, fundi asiye na mpinzani, na uzuri unazidi.

Sasa nikumwagie hasira yangu.

Mwezi uliopita nilimpelekea Kidoti sweta shuleni. Nikachungulia dirishani: wenzake wanaandika, mwanao amekalia mikono yake. Nikamuuliza mwalimu kakosa nini. “Hapa tunafundisha kuongea, mzee. Akianza kurusha mikono, anaikalia mpaka atulie.”

Nikamwambia, “Na wewe ukipayuka, tukukalie mdomo?” Nikamtafsiria Kidoti kwa ishara. Alicheka hadi mikono ikachomoka yenyewe.

Mwalimu akasema wewe ulikubali kwenye simu, eti hata nyumbani tusimjibu mpaka atamke. Dada, kweli? Ndiyo maana kila jioni anahangaika na neno “mama”, mishipa ya shingo imemtoka kama anakabwa na mfupa, ili siku ukipiga ulisikie. Mtoto ana maneno kunishinda mimi, ninayeongea hadi usingizini, halafu tumfanye bubu kwa lazima? Uziwi si ukosefu wa adabu.

Nimemhamishia shule ya viziwi. Ndiyo, sikukuuliza. Mzazi ni wewe. Ukisema arudi kule, atarudi, na mimi nitanuna mpaka uzeeni.

Lakini ungemwona. Mwalimu wake ni kiziwi, mama mtu mzima, na anafoka kwa vidole mpaka darasa zima linatulia. Umbea wa pale hauna sauti ila unafika upesi kuliko wa sokoni. Na wana desturi: kila mtu hupewa jina la ishara, na viziwi wenyewe ndio wanaolitoa. Kidoti ni kidole kwenye kishimo cha shavu. Mimi ni duara mbele ya tumbo. Nililalamika, wakalikuza.

Mama anakusalimu, na shangazi wa duka la vitambaa, na mke wangu, anayesema nimezidi kujisifu. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Kidoti naye alitaka kukusalimu kwa jina, akakwama, maana huna jina la ishara. Nilimwambia akubunie. Akakataa: hawampi jina mtu ambaye hawajamwona akiongea.

Basi piga simu ya video, uwashe taa, na mikono ionekane.

Kaka yako, akupendaye hata akifoka,
Fundi Mageti