Ahadi Iliyotolewa Mazishini

Riruta, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia dawa ya kuchua inawasha kuliko maumivu yenyewe. Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Na ndengu je, mliwahi kuzivuna kabla ya mvua? Sisi huku tu wazima. Mutinda amerefuka mpaka suruali za shule zinamwacha vifundo vya miguu nje, na anamsalimu sana nyanya yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Usinikasirikie, Mama, lakini simu yako huiweka sauti ya juu hata jirani Nzula hunijibu kutoka ng'ambo ya ua kabla yako. Haya ya leo nataka uyasikie kwanza peke yako.

Nianzie siku tuliyomzika mwanao Muema. Unakumbuka mkuu wa chuo chetu, Bwana Ndegwa, alivyopewa kipaza sauti. Alimsifu Muema kwa jinsi alivyotuongoza sisi washauri, tunaowashika mkono vijana wanaosomea uuguzi, ufamasia na kazi za maabara. Kisha, bila kuniuliza, akatangaza kwamba kiti cha Muema hakitapoa. Mkewe ndiye atakayekikalia, na chuo kitampeleka mafunzo ya uongozi. Watu wote hemani wakapiga makofi. Wewe ulinishika mkono ukalia, ukasema kumbe Mungu hajakunyang'anya vyote. Mimi nilikuwa nikifikiria soksi zake nilizoziacha kwenye kamba ya nguo. Na unajua jinsi neno lililosemwa mbele ya jeneza linavyochukuliwa kwetu: ni kama kiapo.

Tangu hapo nakaa katika ofisi yake kule mjini, dirisha likitazama ukuta wa jengo la pili. Wenzangu wameacha kuniita Kamene. Sasa ni Bi Muema. Nikiamua jambo kwa akili yangu, Wesonga, mshauri mwenzangu, husema kwa upole kwamba Muema angefanya vingine. Nikifanya kama Muema, huwaambia wengine, oneni, ni Muema mtupu. Zamani asubuhi zangu zilikuwa za wanafunzi. Nilikuwa na msichana mmoja, Ivyne, anayetaka uuguzi na anazimia akiona damu. Tulikuwa tumefika mahali anapoweza kushika bomba la sindano bila kufumba macho. Sasa namwona tu akipita mlangoni nami niko mkutanini.

Wiki juzi nilipelekwa kwenye hayo mafunzo, huko Karen, katika hoteli yenye miti mingi na chai nyepesi ambayo wewe ungeirudisha jikoni. Mkufunzi wetu, Joyline Namalwa, alitufundisha kwamba anayewaongoza washauri huwafanyia kile wao wanachowafanyia wanafunzi: anauliza, kisha ananyamaza. Akatupanga wawili wawili, mmoja awe mwanafunzi. Mimi nilipewa Oloo, mshauri wa chuo kimoja cha mtaa wa Jamhuri, mtu wa mzaha sana. Alijifanya kijana aliyechaguliwa udaktari na mjomba wake, akalalamika kwamba mjomba ameshanunua koti jeupe, tena kubwa la kuwatosha wote wawili. Nikamuuliza lile tunalouliza kila siku: mjomba akitoka nje ya chumba hiki, wewe unataka nini? Akasema anataka kufuga kuku, na ukumbi mzima ukacheka.

Zamu yangu ilipofika, Namalwa alisema sasa tuache maigizo, tulete jambo la kweli. Oloo, bado anatabasamu, akaniuliza: haya madam, hao wote wakitoka nje, wewe je? Nikajisikia nikisema sikitaki kile kiti. Kisha nikalia, Mama, mbele ya watu nisiowajua. Oloo aliacha mzaha, akanipa leso yake, akaniambia niitumie tu, mkewe ameipiga pasi asubuhi hiyo.

Niliporudi nilimweleza Bwana Ndegwa. Hakukasirika. Alisema aliahidi mbele yako, mama yake Muema, na akimpa mtu mwingine kiti hicho, wewe utaona amemzika mwanao mara ya pili. Mama akikubali, yeye hana neno, asipokubali, nivumilie. Ndiyo sababu nakuandikia.

Sasa, Mama, kama umesimama, keti. Muema mwenyewe alikuwa ameamua kukiacha kiti hicho. Jioni moja tukikata mboga za sukuma jikoni aliniambia amechoka kuongoza watu, anataka kurudi wodini, kuosha wagonjwa na kuwageuza, ile kazi aliyoipenda kabla ya chuo. Alikuwa na uso wa siku nilipomjua. Kilichomzuia ni wewe, nasema kwa mapenzi. Ulikuwa umetangaza cheo chake kanisani, na kila alipokuja nyumbani ulimpokea kwa jina la kiongozi. Akasema atakueleza Krismasi, mkiwa mmeshiba. Moyo wake ulisimama kabla haujamfikisha huko.

Nilitaka ubaki na furaha yako, kwa kuwa nawe umebaki na kidogo. Lakini nimefungiwa mahali ambapo hata yeye alikuwa akitafuta mlango. Nakuomba umpigie Bwana Ndegwa, umwambie tu aniachilie. Ukiona huwezi, usijisumbue kunieleza sababu. Nyamaza, nami nitaelewa, na nitaendelea kuifungua ile ofisi kila asubuhi. Kiti naweza kukivumilia. Kukukosa wewe siwezi.

Nisalimie shemeji Muli na watoto, na kina mama wa kwaya walionipikia. Mutinda anauliza kama yule kuku mwekundu bado analala ghalani. Mungu akulindie hilo goti.

Mkaza mwanao,
Kamene