Kipofu Ni Mimi, Basi

Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi ya kundi letu la mashairi ukumbini, Lubaga. Kutoka Luzira ni boda mbili, na dereva wa pili alinishika mkono kama ameshika yai. Nimezoea.

Baraka, fundi cherehani wetu kutoka Bukavu, alinisomea shairi jipya mara mbili. Ndivyo tunavyofanya: yeye anatunga, mimi nahifadhi, halafu naghani. Sauti yake ni ya kukwangua sufuria. Yangu inajaza ukumbi. Najisifu, ndiyo. Nyumbani hakuna anayejua kusoma nukta nundu kwa vidole, kwa hiyo hapa nasema nitakalo.

Shairi ni la mahafali ya watu wazima waliojifunza kusoma. Jumamosi ijayo. Beti nane, nzuri, hata nimeona wivu. Kisha kiitikio: *Vipofu tusiwe sisi, tufungue macho yetu.*

Alinisomea mimi. Bila hata kukohoa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekasirika. Jana sikusema neno, na hilo linaniudhi zaidi. Ameandika kipofu akimaanisha mjinga, halafu akampa kipofu ahifadhi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Baraka. Nimemwambia siimbi hicho kiitikio.

"Dada, ile ni mufano tu. Haiko juu yako."

Juu ya nani, sasa? Kipofu kundini ni mimi peke yangu. Akasema wanafunzi wameshakishika, ukumbi mzima utaitikia, siku zimekwisha. Nikikataa, ataghani mwenyewe. Aghani! Nimekata simu.

Miaka minne pamoja. Nikimpoteza huyu, sitapata mtunzi mwingine kama yeye. Naye hatapata sauti. Lakini siimbi.

Baba alisikia kutoka sebuleni. Polisi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini: "Wewe hapana goma. Kama iko na neno, sema mbele ya watu." Sarufi hana. Akili anayo.

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu. Nimefukua karatasi zangu za zamani nikapitisha vidole. Shairi langu la shuleni: upofu wa ujinga, giza la kutosoma. Mara tatu! Mimi mwenyewe. Nilifundishwa hivyo, nikaandika hivyo, nikapigiwa makofi. Nyani haoni kundule. Na methali nayo imenikamata palepale, kwenye kuona. Nimecheka peke yangu.

Basi kosa si la Baraka tu. Hata hivyo mimi nimeacha, na yeye anaweza kuacha.

Shairi hujibiwa kwa shairi, kwa vina vilevile. Hiyo ni desturi, hawezi kulalamika. Mstari mmoja unatosha. Nimeupata kabla chai haijapoa.

Jumamosi, 13 Septemba

Baraka alighani ubeti wa kwanza. Maskini. Watu walivumilia. Waliitikia kwa adabu.

Nilisimama kabla hajaanza wa pili. Sikuitwa. Nikatoa jibu langu: *Kipofu ni mimi basi, na njia naijua tu.*

Hofu sikuwa nayo. Mama mmoja, mmoja wa wahitimu, akaitikia peke yake. Sauti kavu, ya mtu mzima. Wakamfuata wengine, kisha wote. Nikazighani beti saba zilizobaki, zote nilikuwa nazo kichwani, kwa kiitikio changu. Sijawahi kughani vile.

Lakini shairi lilikuwa lake, nami nimemnyang'anya mbele ya watu. Aliondoka bila kuniaga. Hilo limeniuma.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Baba ameenda kanisani, sikutaka kwenda.

Baraka amepiga simu mchana. Nyuma yake nilisikia watoto wake wakigombania kiti.

"Dada, ule mustari wako uko muzuri. Sasa ujinga, nitauita nini?"

"Uite ujinga."

Akasema ngoja, anatafuta kalamu. Nikangoja.