Meno Kumi na Matatu

Jumatatu, 14 Februari 1983

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya karakana yangu yote — yaani mimi, benchi moja na paka asiye na mkia — natangaza kifo cha sproketi ya mbele ya pikipiki ya Shirika. Marehemu, kigurudumu cha kuvuta cheni, alikuwa na meno kumi na tano. Amekufa nayo yote, ila yamechongoka kama ya papa, na cheni ilikuwa inayaruka kila pikipiki ikivuta. Hakuna maua. Hakuna vipuri.

Aliyeleta maiti ni Onesphory, tarishi wa Shirika. Mtu wa Masasi, mrefu, vifungo vyote vya shati vimefungwa hadi kooni hata saa saba mchana. Kazi yake ni kuzungusha bahasha: ofisini, bandarini, Upanga, Posta, ofisini tena. Stoo ya Shirika imeagiza sproketi tangu mwaka juzi. Ofisini wamemwambia ajitegemee. Amekuja kujitegemea kwangu.

Ile mbovu nimeitundika ukutani. Kumbukumbu.

Jumatano, 16 Februari

Nimepata. Kwa Elieshi, huyu tunayemwita Mangi, mwenye duka la nafaka ng'ambo ya mtaa. Nafaka ni duka la juu. Chini ya gunia la maharage kuna duka jingine. Akainua gunia, akatupa jicho barabarani, akasema: chukua, usiniulize baba yake nani.

Ina meno kumi na matatu. Nikauliza ya kumi na tano. Kasema Kariakoo nzima haipo, labda nimwandikie barua aliyeitengeneza. Nikauliza risiti. Alicheka mpaka akakaa.

Tundu la katikati limeingia sawasawa. Cheni ililegea, nikatoa pingili mbili. Pikipiki sasa inavuta kama punda aliyeshiba, ila mwendo umepungua. Nikamwambia Onesphory: injini itapiga kelele zaidi kwa safari ileile, kama mikutano yenu. Hakucheka. Mambo ya Shirika hayamchekeshi.

Ijumaa, 18 Februari

Amerudi na malalamiko. Spidomita inasema sitini, na bado anapitwa na lori la taka. Getini bandarini mwisho ni thelathini. Anaingia na thelathini yake ya spidomita, walinzi wanamuuliza kama bahasha zina mayai.

Nilijua. Kwenye pikipiki hii waya wa spidomita hautoki gurudumu la mbele kama za wengine. Unatoka kwenye giaboksi. Na giaboksi haina habari kwamba sproketi imebadilika — inahesabu mizunguko yake tu, inaamini meno bado ni kumi na tano. Nikamwambia: chukua inachosema, gawa kwa kumi na tano, zidisha kwa kumi na tatu. Basi.

"Fundi Kitwana," akasema, "mimi siwezi kuendesha huku napiga hesabu. Nataka chombo kiseme kweli."

Haya. Kiseme kweli. Nikafungua kioo, nikakwangua namba kwa wembe, nikaandika mpya kwa njiti ya kiberiti na rangi ya kucha ya Sophia, mke wangu. Nyekundu. Palipokuwa sitini, hamsini na mbili. Arobaini na tano ikawa thelathini na tisa. Thelathini, ishirini na sita. Hadi tisini, ambayo sasa ni sabini na nane. Yote kwa hesabu za kisomo cha watu wazima. Tukaenda Barabara ya Pugu kwenye mawe ya kilometa, na saa yake ya mkononi. Sawa kabisa. Mshale hausemi uongo tena.

Zile namba ndogo za chini, zinazojumlisha kilometa, sikuzigusa. Zinaendeshwa na vigurudumu vya ndani, kazi ya fundi saa. Na nani anazisoma?

Onesphory alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumamosi, 19 Februari

Sophia anaulizia rangi yake ya kucha. Nimesema labda panya.

Jumanne, 5 Aprili

Msako wa walanguzi. Sasa wanaitwa wahujumu uchumi, jina refu zaidi na kifungo kirefu zaidi. Mitaro ya Kariakoo imejaa vitu vilivyotupwa usiku, ambavyo hatujaviona miaka mitatu. Sabuni za kuogea. Betri. Asubuhi nimeona robota zima la vitenge jalalani, na watu wanalipita wakitazama pembeni, kama wamekutana na anayewadai. Mtu akikutwa na kitu kisicho na risiti anaondoka nacho pamoja, na wote wawili hawarudi.

Mangi amefunga. La juu na la chini. Wanasema kaenda kwao Marangu kuuguza mtu.

Nimefagia karakana. Nikaondoa kila kisicho na risiti. Nimebaki na benchi, marehemu ukutani, na paka, na paka nina wasiwasi naye.

Alhamisi, 14 Aprili

Onesphory kaja kwa miguu. Pikipiki imezuiwa.

Shirika limeletewa mkaguzi wa vyombo, Ndugu Pantaleo, na huyu bwana anasoma madaftari ya safari. Anayasoma kweli! Daftari la Onesphory ndilo safi kuliko yote. Kila asubuhi kaandika namba ya kilometa, kila jioni kaandika tena, kwa mwandiko wa misheni. Mwaka jana mzunguko wake ulikuwa kilometa thelathini na tisa kwa siku. Tangu katikati ya Februari ni arobaini na tano. Bahasha zilezile, milango ileile. Ndugu Pantaleo anauliza kwa upole: hizo sita za kila siku unakwenda wapi, na petroli ya umma, na karatasi za mizigo ya bandarini mfukoni?

Onesphory hakulala siku mbili. Kapima njia zake zote kichwani. "Nilidhani ni spidomita," akasema. "Lakini spidomita uliirekebisha. Sasa ni nini, fundi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Arobaini na tano, thelathini na tisa. Niliziandika mwenyewe kwa mkono wangu, nyekundu.

Nilikuwa nimeinamia kabureta ya mtu. Nikaendelea kuinama. Nikasema: ngoja nifikirie.

Jumatatu, 18 Aprili

Wamemchukua asubuhi, mezani kwake. Aliomba kwanza amalizie kuandika daftari la siku.

Jioni kaja mkewe, Benedikta. Hakukaa. Kasema ofisini wamekwisha kupata jibu: kutoka pale hadi Buguruni ni kilometa tatu. Kwenda tatu, kurudi tatu. Wanasema anawapelekea walanguzi wa huko habari za mizigo.

"Shemeji, niambie. Buguruni kuna mwanamke?"

Nikasema hakuna.

"Unajuaje?"

Nikasema namjua mumeo.

"Hata mimi nilikuwa namjua." Akarekebisha khanga. "Afadhali angekuwepo. Kwa mwanamke mtu hafungwi."

Aliondoka. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia. Ilikuwa fupi.

Jumatano, 20 Aprili

Ndugu Pantaleo anapita mtaani kwa mafundi, mlango kwa mlango. Mtu mfupi, miwani imefungwa waya. Mkononi ana spidomita iliyofungwa kwenye gazeti. Akaifungua juu ya benchi langu, pale pale ilipochorwa.

"Ndugu fundi, unaitambua kazi hii?"

Anasema mtu asiye na la kuficha hachori spidomita. Mtuhumiwa anadai kachorewa na fundi ili iseme kweli. Fundi gani, hataji. Wamemuuliza siku mbili. Anasema yeye ndiye aliyeomba, fundi aachwe na kazi yake.

Nikasema sijawahi kuiona.

Akaigeuza kwenye mwanga. "Kazi ya ovyo. Tazama hiyo nane — kama yai lililopasuka."

Ile nane niliichora nimebana pumzi. Ajabu: mtu amekaa ndani kwa ajili yangu, na kilichoniuma muda ule ni nane.

Ijumaa, 22 Aprili

Sophia anachambua mchele. Siku mbili hajasema neno ambalo si la chakula. Leo akasema, bila kuinua kichwa: "Rangi ile nilinunuliwa harusi ya shoga yangu Mboni. Yule bwana alipolifungua lile gazeti nilikuwa dirishani."

Nikamsogezea sufuria.

"Onesphory hajakutaja?"

Hajanitaja.

"Leo siku ya tano." Akapepeta, akapuliza makapi. "Wewe ungekaa ngapi?"

Humu daftarini naweza kujibu, hakuna asomaye. Ningekaa nusu siku, na katikati ningeomba chai.

Jumatatu, 25 Aprili

Nimekwenda.

Ndugu Pantaleo alinipa kiti. Nikamwambia yote: meno kumi na tano, meno kumi na matatu, waya unaotoka giaboksi, uso wa spidomita niliourekebisha na tumbo lake nililoliacha. Alichukua penseli yake mwenyewe. Arobaini na tano, mara kumi na tatu, gawa kwa kumi na tano. Ikatoka thelathini na tisa. Akarudia. Ikatoka thelathini na tisa. Akavua miwani, akakaa anaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Kumbe hakwenda popote," akasema.

Nikasema hakwenda popote.

Lakini karatasi si ushahidi, akasema. Hesabu mtu yeyote anaweza kuipika ikaiva. Anataka meno. Kesho ni sikukuu ya Muungano. Keshokutwa saa tatu, yadi ya Shirika, askari atakuwepo, nitafungua mfuniko mbele yao na tutahesabu pamoja. Yakiwa kumi na matatu, yeye mwenyewe ataandika barua, na mtu atatoka siku hiyohiyo.

Nilikuwa mlangoni aliponiuliza: "Na hiyo sproketi uliitoa wapi?"

Nikasema nitasema Jumatano.

"Ndiyo," akasema. "Utasema."

Nimepita kwa Benedikta. Nimemwambia ile sentensi moja. Hakunitukana. Alinitazama tu, halafu akaingia ndani, nikamsikia anawaambia watoto baba anarudi.

Jumanne, 26 Aprili

Muungano. Gwaride redioni. Sophia kanifungia shuka, mswaki na kipande cha sabuni kwenye mfuko. Sabuni haina risiti. Nimeitoa.

Jumatano, 27 Aprili

Naandikia kwenye benchi la yadi, kwa penseli. Nimeambiwa nisubiri. Sikuambiwa nini.

Nilikuja na ile sproketi ya zamani mfukoni, nizipange pamoja, waone tofauti kwa macho. Pikipiki ilikuwa nyuma ya banda, chini ya turubai. Boliti nne za mfuniko. Askari kainama upande wangu wa kulia, Ndugu Pantaleo kushoto, daftari wazi. Boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Nikatoa mfuniko. Mhimili mtupu. Cheni hakuna. Sproketi hakuna.

Akaitwa Severine, fundi wa yadi. Kaja na mkate mdomoni. "Ah, hiyo? Tulihamisha Alhamisi. Pikipiki ya tawi la Lindi ilikuwa hapa imelala, sproketi imekwisha kabisa. Hii imekaa bure, mwenyewe yuko ndani. Nikavua hapa nikavalisha pale." Ana fomu. Imesainiwa na wakubwa watatu. Ndivyo magari yote ya Shirika yanavyoishi: moja linalala ili jingine liamke. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara ngapi.

Ndugu Pantaleo akamuuliza ilikuwa na meno mangapi.

"Meno?" akasema Severine. "Mimi nahesabu pikipiki, ndugu."

Askari ndiye aliyeona mfuko wangu umevimba. "Hapo una nini?"

Nikaitoa. Akahesabu kwa kidole: kumi na tano. Ndugu Pantaleo akahesabu: kumi na tano. Akaandika taratibu, akisoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: sproketi iliyoletwa na fundi ina meno kumi na tano, sawasawa na ya kiwandani. Nadhani hakupenda kuandika. Aliandika.

Kisha akauliza ile nyingine niliitoa wapi. Nikasema chini ya gunia la maharage. Akaandika na hiyo.

Benedikta yupo getini na bakuli limefunikwa kitambaa. Kaleta chakula cha mtu anayetoka. Ananiuliza kwa macho, na mimi nafanya kama ninaandika. Naandika.

Namfikiria tarishi wa Lindi, simjui hata jina. Ataanza kupata kilometa za ziada. Naomba daftari lake liwe chafu.

Nimemwambia Ndugu Pantaleo: tupige simu Lindi, mtu ainame tu ahesabu, dakika moja. Akasema pikipiki haijafika Lindi. Iko juu ya lori. Lori lilivuka Rufiji Jumapili, na jana maji yamekata barabara mbele yake na nyuma yake.

Barabara ile hufunguliwa Juni.